Mlango wa Darasa la Shemeji

Katika ofisi ya elimu ya wilaya kila mtu alikuwa na jina alilopewa kisirisiri, na la kwake lilikuwa Bi Kigoda. Hakulichukia. Alikuwa mratibu wa ziara za darasani, na kokote alikokwenda alibeba kigoda cha mbao kwenye buti la gari. Ukimkalisha mgeni kwenye kiti cha mwalimu anakuwa mrefu kuliko darasa zima, na mgeni akishaonekana, watoto hawasomi tena, wanamtazama yeye. Kigoda kilimshusha. Alikaa nyuma pembeni, magoti yakikaribia kidevu, na baada ya muda mfupi watoto walikuwa wamemsahau. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Walimu wa wilaya ile walizoea ukaguzi, na waliuogopa kama mtu anavyoogopa jino bovu kuguswa. Mkaguzi alikuja bila hodi, akasimama mlangoni na uso wa msibani, akaenda zake, na barua ya onyo ikamfuata. Bi Kigoda alikuja na lugha nyingine. "Mimi sikagui, natembelea," aliwaambia. "Simtazami mwalimu, nawatazama watoto. Nikiona kizuri kwako nakipeleka kwa jirani yako, nikiona kizuri kwa jirani nakuletea. Na mlango wa darasa ni wa mwalimu. Siingii bila ruhusa yake, wala simwingizi mtu mwingine." Mwanzoni walimcheka wakisema maneno matamu hayamfukuzi mkaguzi. Kidogo kidogo wakamwamini, wakaanza kutembeleana wao kwa wao, na ule mlango ndio ulioshikilia kila kitu. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwalimu wa hesabu wa shule iliyokuwa nyuma ya soko alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Alikuwa amefiwa na mke, wanawe walishaoa na kuolewa wakatawanyika, na kilichobaki cha kumwamsha asubuhi kilikuwa lile darasa. Bi Kigoda alimwachia ziara yake hadi mwisho, maana kumtembelea ndugu kazini kuna aibu yake, kama kumkuta anaoga. Siku alipokwenda, alijuta kwa nini hakuanza na yeye.

Somo lilikuwa la sehemu, zile nusu na robo zinazowatoa watoto jasho. Shemeji aliandika swali ubaoni, akagonga meza kwa kifundo cha kidole, na darasa zima likainama. Hakuna aliyenyoosha kidole, wala aliyepiga kelele. Kila mtoto alikuwa na kibao chake, kipande cha silingibodi, ule ubao mwembamba wa dari, kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki ndogo. Akagonga tena, na vibao vyote vikapanda juu kwa mpigo mmoja. Shemeji akapita kati ya madawati akisoma jibu la kila mtoto, huyu akimgusa bega, yule akimfutia tarakimu moja na kumwachia aandike upya.

Bi Kigoda alikuwa ametembelea madarasa chungu nzima, na kote aliukuta ugonjwa mmoja: wanaojibu ni walewale wa mbele, na wa nyuma wanaumaliza mwaka bila kufungua mdomo. Hapa hata yule binti wa pembeni kabisa, aliyejibanza nyuma ya mgongo wa mwenzake, alikuwa ameinua kibao, na jibu lake lilikuwa sahihi. Bi Kigoda alitamani kulia kwa furaha.

"Shemeji, hii umeitoa wapi?" alimuuliza somo lilipokwisha.

"Uzeeni," Shemeji akacheka. "Kelele zimenishinda." Alimsindikiza hadi kwenye gari, na kabla hajafunga mlango akaongeza, "Wewe njoo hata kila siku. Lakini watu usiniletee, tafadhali. Mimi na watoto wangu tumeshazoeana."

"Mlango ni wako, shemeji," alimjibu, na siku ile alimaanisha.

Watu hakuwapeleka, ila vibao alivipeleka. Vilienea wilaya nzima kama mafua. Walimu waliokuwa wakiuliza swali na kulijibu wenyewe wakaanza kuona nani ameelewa na nani anajitia kuelewa. Silingibodi zikaanza kutoweka kwenye dari za shule, hata mwalimu mkuu mmoja akalalamika kwamba sasa mvua inamnyeshea ofisini kwa ajili ya maendeleo ya elimu. Bi Kigoda aliirudia hadithi hiyo kila kikao, na kila mara alipoirudia, mvua ilizidi kuwa kubwa.

Kisha ikaja Jumapili moja. Shemeji alikuja kula kwao kama kawaida, akakaa sebuleni na gazeti, mgongo ukielekea jikoni. Bi Kigoda alikuwa akitoa sufuria kabatini mfuniko ukamponyoka, ukaangukia sakafu na kuzunguka kwa makelele ya kufukuza wezi. Mumewe aliruka. Mtoto wao mdogo akaangua kilio. Shemeji akafunua ukurasa mwingine wa gazeti.

Bi Kigoda alibaki ameinama na mfuniko mkononi, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake: kugonga meza, vibao, kupita kati ya madawati. Shemeji alikuwa hasikii. Sauti za watoto zilikuwa zimempotea, akatafuta namna ya kuwasoma badala ya kuwasikia, na namna ile ikawa bora kuliko ya wenye masikio mazima. Mumewe aliingia jikoni, akamwona usoni.

"Umejua," alisema kwa sauti ya chini, ingawa haikuwa na haja ya kuwa ya chini.

"Tangu lini?"

"Ilianza zamani. Tangu afiwe imezidi. Shuleni hawajui. Wakijua watamtoa darasani, na ukimtoa darasani umemmaliza. Mama watoto, nakuomba, usimwambie mtu. Hata yeye usimwambie kwamba unajua."

Hakumwambia mtu. Ila tangu siku ile, kila alipotaka kuongea na Shemeji alizunguka hadi mbele yake, akasimama penye mwanga, na kufungua mdomo vizuri. Hakusema kwa nini, na Shemeji hakuuliza. Wengine walipomsemea kwa nyuma au pembeni na neno likampita, Shemeji alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, "Sawa, sawa." Mumewe aliiita sawa ya adabu. Nyumbani walikwisha kuizoea, na walijua haina uzito wowote.

Afisa Elimu wa wilaya, ambaye ofisini wote walimwita Bwana Mkubwa ingawa alikuwa mfupi kuliko karani wake, alimwita Bi Kigoda siku moja na kufunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaliwa kooni.

"Huko juu wanasema ziara zako ni kupoteza muda," alisema. "Wanataka ukaguzi urudi. Watu wa wizara wanakuja wiki ijayo pamoja na maafisa wa wilaya za jirani. Wakiona kitu cha kuwafumba mdomo, tumepona. Wasipoona, ndiyo basi."

"Nitawapeleka penye vibao. Kuna walimu wazuri wengi siku hizi."

"Wengi ni wanafunzi wa mtu mmoja. Nataka waone chanzo. Darasa la yule mzee."

"Yule hapendi wageni."

"Si shemeji yako? Atakukatalia wewe?"

Neno la kusema lilikuwepo, na lilikuwa fupi. Bi Kigoda alilihisi ulimini. Lakini aliwaza pia wale walimu wote waliomfungulia milango, akawaza barua za onyo zikirudi, akawaza, tuseme ukweli, kigoda chake kikitupwa stoo na yeye akirudishwa kwenye meza ya kupiga mihuri. "Nitamuuliza," alisema.

Alimkuta Shemeji nyuma ya ofisi ya shule, kwenye kibanda cha mabati. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta linanguruma, na Shemeji alikuwa akisimamia mashine ya kunakili karatasi za mtihani. Pale hata mwenye masikio ya paka asingeambulia kitu. Bi Kigoda angeweza kungoja amalize. Angeweza kumshika mkono akamtoa nje, chini ya mwanga, kama alivyofanya siku zote. Alisimama begani pake, nyuma kidogo, akasema, "Shemeji, naomba niwalete wageni darasani kwako wiki ijayo." Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa tabu.

Shemeji alihisi mtu, akageuka, akaukuta mdomo wake umeshafungwa. Kwa kitambo kidogo alimtazama. Kisha akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Sawa, shemeji. Sawa."

Bi Kigoda alimpungia mkono akaondoka haraka. Ndani ya gari alitazama nyuma kama aliyeiba. Nimemuuliza, alijiambia. Amekubali. Aliyasema maneno hayohayo kwa Bwana Mkubwa, na kwa mwalimu mkuu wa shule ile, ambaye naye hakuona haja ya kumweleza Shemeji zaidi, maana mambo yamepangwa na ndugu yake. Siku moja kabla, mwalimu mkuu alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, "Wageni kesho, mzee!" na akajibiwa kwa kichwa. Bi Kigoda aliposimuliwa hilo alifarijika, na faraja ile ilikuwa chungu kidogo, akaimeza hivyohivyo.

Siku yenyewe wageni waliingia mmoja mmoja na kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, wamependeza, wananukia. Shemeji alikuwa akifuta ubao. Alipogeuka akawaona, uso wake ulishuka, halafu akaukusanya tena, akawakaribisha kwa heshima zote. Mwisho kabisa aliingia Bi Kigoda na kigoda chake. Shemeji alimtazama mara moja tu, na Bi Kigoda akajifanya kutafuta mahali pa kukiweka.

Somo lilikwenda kama maji. Meza iligongwa, vibao vikapanda, wageni wakanong'onezana na kutingisha vichwa kwa kustaajabu. Kisha mama mmoja wa wizara, mwenye miwani, akauliza kutoka nyuma, wakati Shemeji akiandika ubaoni, "Mwalimu, na mtoto ambaye bado hajui kuandika vizuri, anajibuje?"

Chaki iliendelea kuandika. Mama wa wizara akarudia swali. Chaki ikaendelea.

Kwenye dawati la mbele palikuwa na binti ambaye wenzake walimwita Kasuku. Binti huyo aliinama, akaandika upesi kwenye kibao chake, akagonga mguu wa meza ya mwalimu. Shemeji akamtazama, akasoma, akageuka na kumjibu yule mama taratibu, kwamba mtoto wa namna hiyo huchora. Wageni wakaguna kwa furaha, wakidhani nayo ni sehemu ya mbinu. Bi Kigoda alitamani kigoda kimmeze. Watoto walijua. Darasa zima lilijua, na lilikuwa limeitunza siri ile kuliko yeye, mtu mzima, shemeji mtu.

Bwana Mkubwa alikuwa mwalimu kabla hajawa afisa, na hakuguna. Aliinuka, akapita kati ya madawati hadi ubaoni, akasimama nyuma ya mgongo wa Shemeji. "Mwalimu," alisema, si kwa sauti kubwa. "Mwalimu, hebu simama kidogo." Chaki haikusimama. Kasuku aliinua kibao, lakini Bwana Mkubwa alikiwekea mkono na kukishusha polepole, bila ukali wowote. Watoto wote wakatazama chini.

Shemeji alipogeuka alimkuta mtu karibu mno, akashtuka. Akauona mkono juu ya kibao cha Kasuku. Akaziona nyuso za watoto wake. Aliweka chaki mezani, akapangusa viganja kwenye koti, na kubaki amesimama.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Bwana Mkubwa alimvuta Bi Kigoda pembeni. "Ulijua?"

"Hapana," alisema. "Hata mimi nimeshangaa."

Lilimtoka bila kukwama. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba maneno yanayotoka kirahisi namna ile ndiyo yanayokaa rohoni miaka na miaka.

Ziara zilipona. Wageni walisifu, walio juu wakanyamaza, ukaguzi haukurudi. Shemeji alitolewa darasani na kupewa stoo ya vitabu ya shule ileile, kwa barua iliyojaa heshima na shukrani, na darasa lake akapewa kijana aliyetoka chuoni juzi. Jumapili zikapita bila yeye kuja kula.

Siku alipopata habari za stoo, mumewe aliuliza, "Alikubali wageni waje?"

"Alikubali."

"Ulimuulizia wapi?"

Bi Kigoda alimweleza. Mumewe hakufoka. Aliinuka, akachukua nyundo, akaenda kugongagonga geti ambalo halikuwa na ubovu wowote. Tangu siku ile alimwita jina lake rasmi, kama wanaoitana benki, na lile la mama watoto likaisha.

Bi Kigoda alikwenda kumbembeleza Bwana Mkubwa amrudishe Shemeji darasani. Alimwonyesha matokeo ya watoto wa Shemeji, akamwambia hakuna mwalimu wa hesabu anayemkaribia wilaya nzima.

"Najua," Bwana Mkubwa alijibu. "Sasa mzazi akija hapa kuniuliza kwa nini mwanawe anafundishwa na mtu asiyemsikia, nimwambie nini? Ningelijua mapema, ningekaa naye, tungetafuta njia. Nimelijua mbele ya wizara nzima."

"Mimi nilijua," Bi Kigoda alisema. "Siku ile nilikudanganya. Nilijua kabla."

Bwana Mkubwa aliweka kalamu chini. "Na ruhusa yake? Aliitoa kweli?"

Bwana Mkubwa akarudi kwenye makaratasi yake, na hakumwandikia onyo wala hakumhamisha. Laiti angefokewa, angalau angepumua. Alirudi kwenye ziara zake, akaendelea kukaa nyuma ya madarasa, lakini kila alipofika kwenye yale maneno yake ya mlango, sauti ilimkauka, na walimu wakamsubiri huku wakitazama viatu vyao. Habari zilikwishafika kila shule. Shikamoo zikawa ndefu, na milango ikaanza kuwa na visingizio: leo kuna jaribio, leo watoto wanafagia.

Mwishowe alipiga moyo konde akaenda stoo.

Ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja na harufu ya karatasi za zamani. Shemeji alikuwa amepanda kwenye ngazi fupi, akipanga vitabu vya sayansi. Bi Kigoda alizunguka marundo hadi akafika mbele yake, penye dirisha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Alishuka taratibu. Alikuwa amekonda. "Karibu. Kiti hakuna, ila wewe si mtu wa viti."

Mzaha ule ulimuuma kuliko tusi. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Siku ile kwenye jenereta..."

"Siku ile sikujua umesema nini."

"Najua."

"Lakini nilijua umekuja kwa nyuma." Shemeji alikuwa akipangusa vumbi kwenye kitabu kwa mkono wa shati. "Siku zote hizi wewe ni wa kuja mbele. Wote hapa wananisemea visogoni, wewe unazunguka. Nikasema, huyu amejua, na amenisitiri. Nilikuwa nakushukuru moyoni kila ulipozunguka. Halafu siku ile ukaja kwa nyuma, kwenye kelele zile. Nikajua kuna jambo hutaki nilisikie."

Bi Kigoda aliuliza, "Sasa kwa nini ulikubali?"

"Wewe ni shemeji yangu." Alilisema kama jambo lisilohitaji maelezo. "Nikasema, hata likiwa jambo gani, hawezi kunitakia baya. Nikaitikia."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Alitaka kusema habari za ukaguzi, za walimu wote wale, za walio juu, na akaona hakuna hata moja ya kumwambia mtu huyu. Shemeji alimngoja mpaka alipotulia.

"Niulize sasa," alisema.

"Nini?"

"Ulichoniuliza siku ile. Niulize."

Bi Kigoda alijifuta uso kwa kiganja. Akasogea kidogo hadi mwanga wa dirisha ukamwangukia mdomoni, na akasema neno moja baada ya jingine, "Shemeji, naomba niwalete wageni darasani kwako wiki ijayo."

Shemeji alimtazama midomo mpaka mwisho, kwa umakini uleule aliokuwa akisomea vibao vya watoto.

"Hapana, shemeji," alisema. "Usiwalete."

Kisha akapanda ngazi na kumgeuzia mgongo, na baada ya hapo hapakuwa na neno ambalo Bi Kigoda angeweza kumwambia.